Sekunde Tisa kwa Kila Neno

28 Aprili

Mdogo wangu Bisibisi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ukiniacha mimi ambaye nilishatolewa kwenye orodha hiyo. Mama mdogo anakusalimu, anasema kwenye picha umenenepa, na kwake hiyo ni sifa. Chiriku anakusalimu pia. Salamu zake zingejaza ukurasa mzima, kwa hiyo nimemwambia atakuandikia mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu mashine imekuwa nzito. Nitaeleza kama nilivyokuwa nawataka wanafunzi wangu waeleze, bila kuruka hatua. Nafungua lile daftari la kuandikia, ambalo wewe unaliita kihariri. Nabonyeza herufi mbili kwa kidole gumba cha kulia, maana tangu mwaka jana ndicho kidole pekee kinachonisikiliza. Zamani ile programu yako ya kubahatisha maneno ilikuwa inanipa maneno kumi hapo hapo. Nachagua moja, nimeokoa herufi sita, naendelea. Siku hizi nikibonyeza tu, skrini inaganda. Nahesabu kimoyomoyo, na nikifika tisa ndipo maneno yanatokea. Sekunde tisa kwa kila neno. Barua hii nimeianza juzi.

Ningevumilia, unanijua. Lakini baba yake Chiriku amekwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Anataka mtoto akaishi kwake na mke wake. Anasema mtu asiyeweza kusimama wala kusema hawezi kulea. Tumeitwa tarehe ishirini Mei, na afisa ameshatuambia kwamba mzazi atajibu mwenyewe, si kwa mdomo wa mwingine. Sasa mdomo wangu ndio huu: naandika, mashine inasoma kwa sauti. Sauti niliyobaki nayo anaielewa Mama mdogo na Chiriku tu, na hata wao siku nyingine wanabahatisha.

Nitengenezee mdomo, mdogo wangu.

Dada yako,
Mwalimu

&nbsp;

29 Aprili

Shikamoo Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, nikaenda kusimama chooni kwa muda. Yule bwana miaka minne hajui mtoto anavaa kiatu namba ngapi, leo ndiyo amekumbuka kulea?

Haya, tuache matusi, tufanye kazi. Nimejaribu kuingia kwenye kompyuta yako kutokea huku, lakini mtandao wa hapo nyumbani unakatika kila baada ya dakika mbili. Ni kama kushona kitambaa kinachovutwa. Kwa hiyo wewe utakuwa macho na mikono yangu, na Mama mdogo akusaidie kushika simu yenye saa.

Jaribu mambo mawili. Kwanza, zima programu ya kubahatisha, uandike bila msaada wake. Je, bado inaganda? Pili, fungua lile dirisha jeusi nililokuonyesha, uiendeshe programu ya kubahatisha peke yake, nje ya kihariri. Uipe herufi mbili, upime inajibu baada ya sekunde ngapi.

Na mkono je? Niambie ukweli.

Ningekuja. Unajua ningekuja. Lakini karatasi zangu za ukaazi bado ziko mezani kwa watu, na wameniambia waziwazi kwamba nikitoka kabla hawajazipiga muhuri, mlango umefungwa.

Mdogo wako,
Bisibisi

&nbsp;

3 Mei

Bisibisi,

Majibu haya hapa.

Jaribio la kwanza: bila programu ya kubahatisha, herufi zinakuja pale pale. Hakuna kuganda.

Jaribio la pili: kwenye dirisha jeusi, programu ya kubahatisha inajibu kabla Mama mdogo hajapata muda wa kubonyeza saa. Amelalamika kwamba namchezea. Kitu kimoja tu: dirisha lilijaa maandishi mengi, yakapita mbio kwenda juu, nikabaki naona ya mwisho.

Kwa hiyo kihariri peke yake kizima, programu peke yake nzima, wakikaa pamoja wanagombana. Nimewahi kufundisha darasa la namna hiyo.

Mkono mzima kabisa. Usinitafutie ugonjwa mwingine, huu mmoja unatosha.

Chiriku amepata themanini na nane kwenye hesabu. Jioni tunakaa mezani, yeye anaandika, mimi naangalia. Akikosea nagonga meza kwa kidole. Akikosea sana nagonga mara mbili.

Dada yako,
Mwalimu

&nbsp;

5 Mei

Shikamoo Dada,

Umenifanyia nusu ya kazi. Ugonjwa uko kwenye mazungumzo yao.

Nikueleze ninavyofikiri. Ile programu ni mtoto wa kihariri. Kihariri kinaiamsha, kinaipa herufi zako, kisha kinangoja majibu yapitie kwenye bomba. Sasa kihariri chako ni cha zamani na kina tabia mbili mbaya. Ya kwanza, hakinywi kwa kikombe, kinachota kwa kijiko: herufi elfu nne, basi, kinameza, kinarudi kuchota tena. Ya pili, kati ya kijiko na kijiko kinatulia kidogo kwa makusudi, kikitumaini bomba litajaa ili safari ijayo kichote zaidi. Waliokitengeneza walidhani hiyo ni akili. Ukiwa na majibu marefu, vijiko na vituo hivyo vinajumlishana mpaka unaiona skrini imeganda.

Chini ya barua hii nimeweka mistari miwili. Wa kwanza unakibadilishia kijiko kuwa ndoo, herufi milioni moja kwa mchoto mmoja. Wa pili unakikataza kutulia. Ibandike mwisho wa faili la mipangilio, uhifadhi, ufunge kihariri, ukifungue upya.

Mpe Chiriku hongera. Themanini na nane! Mimi nilikuwa naona namba hiyo kwenye mabasi tu.

Bisibisi

&nbsp;

9 Mei

Bisibisi,

Nimebandika. Kutoka sekunde tisa tumeshuka hadi sita. Ahsante, lakini kwa sekunde sita mtu mwenye haraka anakuwa ameshageuka kuongea na mwingine. Nimejaribu kwa jirani wa mlango wa pili. Aliniuliza nimeamkaje, akangoja, akaniangalia, akamwuliza Mama mdogo nimeamkaje.

Kuna jambo linanisumbua. Unasema kijiko ni cha herufi elfu nne. Mimi naombwa kuchagua katika maneno kumi. Chukua maneno marefu kuliko yote ninayotumia, hayazidi herufi kumi na tano kila moja. Mara kumi, mia na hamsini. Yanaenea kwenye kijiko na nafasi inabaki. Sasa kama kijiko kilikuwa kinatosha, kwa nini ndoo imesaidia?

Ina maana kuna kitu kingine kinapita kwenye bomba hilo pamoja na maneno yangu. Ni nini?

Dada yako,
Mwalimu

&nbsp;

11 Mei

Dada,

Swali zuri. Nipe siku chache. Nataka kuondoa tatizo kabisa, si kuweka kiraka juu ya kiraka.

Bisibisi

&nbsp;

16 Mei

Bisibisi,

Zimebaki siku nne. Zile sita zimepanda tena, leo ni nane. Kwa hiyo kila siku inazidi, maana yake hicho kitu kwenye bomba kinakua.

Nimejaribu kuandika bila programu yako. Sentensi moja ya maneno saba imechukua dakika tatu.

Andika.

Mwalimu

&nbsp;

17 Mei

Dada,

Niko karibu kabisa. Silali. Kesho kutwa utakuwa na dawa.

Bisibisi

&nbsp;

20 Mei

Dada, faili hili hapa. Libonyeze mara mbili tu, litafanya kazi lenyewe, halafu ufungue kihariri upya. Huna haja ya kusoma kilichomo, ni vitu vya kifundi. Samahani nimechelewa kwa siku moja. Mnaingia saa nne, sivyo? Utakuwa umeliona kabla ya hapo. Ongea, Dada. Waambie.

Bisibisi

&nbsp;

22 Mei

Bisibisi,

Tulitoka nyumbani saa mbili. Kiti changu cha magurudumu hakiingii kwenye kila gari. Faili lako lilifika tukiwa barabarani, na mashine iliyofungwa kwenye kiti haipokei barua bila mtandao wa nyumbani.

Nikueleze ilivyokuwa. Ofisi yenyewe ni chumba kidogo, meza moja, kabati la mafaili lisilofunga, na viti vinne. Afisa ni kijana mpole. Nasema mpole kwa sababu aliinama akaongea nami kwa sauti kubwa na polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi. Masikio yangu ni mazima kuliko yake. Baba yake Chiriku alikaa karibu na dirisha, hakuniangalia. Aliyekuja kusema ni wifi, dada yake. Chiriku aliambiwa akae nje kwenye benchi.

Nilikuwa nimeandaa majibu kwenye karatasi, kurasa mbili, kazi ya wiki nzima. Mama mdogo akayatoa kwenye mkoba. Wifi akauliza, "Hayo ameandika nani?" Afisa akamtazama Mama mdogo, akatazama mikono yangu iliyolala mapajani, akairudisha ile karatasi. Akasema anataka nijibu mwenyewe, pale pale, mbele yake.

Swali la kwanza: "Mama, huwa unamsaidia mtoto masomo yake jioni?"

Nikaanza. Skrini ikaganda. Nilitaka kuandika "kila siku". Maneno mawili tu, Bisibisi. Afisa akangoja. Akaangalia saa. Wifi akasema, "Unaona mwenyewe, hata swali halijamfikia." Afisa akaenda swali la pili, nani anamwandalia mtoto sare za shule, na wifi akalijibu yeye, sijui anajuaje. Mimi bado niko kwenye "kila". Skrini ikafunguka, nikachagua, ikaganda tena kwenye "siku". Nikabonyeza ile alama ya kusoma kwa sauti, nikiamini itasoma mara moja kabla ya swali lingine.

Afisa akauliza swali la tatu: "Kuna siku mtoto amelala na njaa?"

Na mashine ikasema, kwa ile sauti yake ya mtu aliyebanwa pua, "Kila siku."

Nikaanza kubonyeza kama mwendawazimu: hapana, hapana, siyo hilo. Kila nilichobonyeza kikaingia kwenye foleni. Mama mdogo alisimama akapaza sauti, akaambiwa akae au atoke. Afisa aliandika. Niliona kalamu inavyokwenda, maneno mawili, akapigia mstari.

Mashine ilisema "hapana" tulipokuwa kwenye korido.

Mtoto atakaa kwa baba yake miezi sita, kisha jambo litaangaliwa upya Desemba. Ataondoka tarehe mosi Juni. Atakuwa anakuja Jumamosi.

Tuliporudi nikabonyeza faili lako. Sasa maneno yanakuja hata kidole sijakiinua. Barua hii nimeiandika asubuhi moja.

Ulisema nisisome kilichomo ndani ya faili. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka kumi na tisa, nikiambiwa ukurasa fulani nisiusome ndiyo naanzia huo. Nimesoma. Kazi yake ni kufuta faili lingine, limefichwa ndani kabisa, linaitwa "mkono".

Mkono wa nani?

Mwalimu

&nbsp;

23 Mei

Dada,

Mkono wako.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila moja nilikuwa nawaza jinsi ya kujisafisha. Hii nakuandikia ilivyokuwa.

Februari niliongeza kitu kwenye ile programu bila kukuambia. Kila ulipobonyeza herufi, ilikuwa inapima umechukua muda gani kufika herufi inayofuata. Inaandika kwenye hilo faili, na mara moja kwa siku inanitumia nakala. Kila nikikuuliza habari ya mkono unanijibu "mzima". Nikasema basi, nitauuliza mkono wenyewe.

Kosa la kifundi ni hili. Hesabu zile zilitakiwa ziende kwenye faili peke yake. Nikasahau kuziba sehemu moja. Ikawa kila ukiomba maneno, programu inakutolea maneno kumi, na nyuma yake inamwaga hesabu zote tangu Februari, herufi moja moja, siku zote. Kihariri kilikuwa kinalazimika kumeza mzigo wote huo kabla ya kukuonyesha neno. Na kila ulipoandika, mzigo uliongezeka. Ndiyo yale maandishi yaliyopita mbio kwenye dirisha jeusi. Ndiyo maana ndoo ilisaidia, na ndiyo maana haikusaidia kwa muda mrefu. Kihariri nilikisingizia tu. Uvivu wake kinao, lakini aliyelijaza bomba ni mimi.

Na hili ndilo baya zaidi. Ulipouliza kwa nini ndoo imesaidia, nilijua ndani ya saa moja. Ilikuwa tarehe kumi. Dawa yake ilikuwa sentensi moja: nenda mahali fulani, futa faili linaloitwa mkono. Ningekuandikia siku ile, na tarehe ishirini ungeongea. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaniuliza hilo hilo ulilouliza jana, na ningelazimika kukwambia kwamba nimekuwa nakupeleleza, na kwamba najua mkono unazidi kuchoka. Siku kumi nzima nimekaa natafuta njia ya kulifuta bila wewe kuliona.

Leo nimekwenda kwenye ofisi ya karatasi, nikamwambia yule mama wa dirishani kwamba dada yangu amenyang'anywa mtoto kwa sababu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema pole sana, kisha akasema yale yale, nikitoka sirudi. Nikamwambia sawa, nitatoka. Akaniuliza, "Ukifika huko utafanya nini?" Nilirudi nikakaa kwenye kituo cha basi, nikaacha mabasi matatu yapite.

Nitukane. Ninangoja.

Bisibisi

&nbsp;

9 Juni

Shikamoo Mjomba,

Ni mimi Chiriku natumia simu ya Baba ameniruhusu dakika ishirini. Mama hataki kukuandikia nimemwuliza Jumamosi kwa nini akagonga meza mara mbili kwa hiyo nikaacha. Bibi anasema mmekosana mambo ya mashine. Mashine siku hizi ni nzuri sana Mjomba, Mama anaongea mpaka anatania, Jumamosi alimwambia Bibi chai yake ingefaa kuoshea madirisha.

Huku nina chumba changu, dirisha linatazama gereji ya matairi, kelele kidogo. Mama wa huku hana maneno mengi, ila ukimwuliza kitu anakujibu. Shangazi akija ananisuka, anasuka vizuri ila anavuta. Shule ni ile ile, ninapanda gari moja tu.

Mjomba naomba nikuulize na usimwambie mtu. Siku ile mimi nilikuwa nje kwenye benchi nikasikia ile sauti ya mashine ikisema kila siku. Nilijua Mama anajibu swali lingine. Nilijua kabisa kwa sababu mashine yake inachelewa na mimi nimezoea. Nikasimama niingie niwaambie, yule askari wa mlangoni akaniambia mtoto kaa chini. Nikakaa. Je, ningeingia tu kwa nguvu ingekuwaje? Baba namwogopa kumwuliza na Mama atasikitika.

Dakika zimeisha.

Chiriku wako

&nbsp;

10 Juni

Mpendwa Chiriku,

Ungeingia, yule askari angekutoa, na afisa angeandika kwamba mtoto hana adabu. Hukukosea kukaa. Watu wazima tuliokuwa na uwezo wa kufanya kitu tulikuwa wawili au watatu, na wewe humo hukuwemo. Mimi nilikuwemo.

Nifanyie jambo moja. Jumamosi ukifika mwambie Mama, polepole, ulichoniambia mimi. Atasikitika, ndiyo. Mwambie hivyo hivyo.

Mjomba wako

&nbsp;

30 Juni

Bisibisi,

Mtoto ameniambia. Nilitamani kumwambia maneno mengi, nikamwambia machache, lakini alilala mapajani kwangu mpaka gari lilipokuja.

Sijakuandikia kwa sababu sikuwa na neno lililofaa kuandikwa. Bado sina. Lakini kuna kazi, na mtu wa kuifanya ni wewe.

Ulisema nakala za zile hesabu zilikuwa zinakuja kwako. Nitumie zote.

Mwalimu

&nbsp;

1 Julai

Shikamoo Dada,

Zipo kwenye faili nililoambatanisha, wastani wa kila mwezi na siku zote mojamoja. Nakuomba usizipigie hesabu. Najua utazipiga. Nakuomba hivyo hivyo.

Bisibisi

&nbsp;

8 Julai

Bisibisi,

Nimezipiga.

Februari, kutoka herufi hadi herufi, sekunde sifuri nukta nane. Machi, moja. Aprili, moja na robo na kitu. Mei, moja na robo tatu. Juni nimejipima mwenyewe kwa msaada wa Mama mdogo, mbili na robo. Mwanafunzi mvivu angechora mstari ulionyooka. Si mstari. Kila mwezi ni ule uliotangulia mara moja nukta tatu. Endelea nao: Septemba sekunde tano kwa herufi moja. Oktoba sita na nusu. Desemba, siku ile watakapotuita tena, sekunde kumi na moja. Kwa herufi moja, na hapo nimechukulia kwamba kidole kitakuwa bado kinasogea.

Ulijua haya tangu Mei, peke yako huko. Mimi niliyajua tangu Machi, peke yangu huku. Kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mwenzake. Tazama tulipofika.

Sasa sikiliza. Afisa alikuja juzi kukagua, ni utaratibu wao. Alinikuta naandika. Akauliza swali, nikajibu kabla hajakaa vizuri. Akauliza lingine. Tukaongea saa nzima, Bisibisi, mpaka akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akafungua faili, akakuta mahali alipopigia mstari, akaniuliza siku ile nilikuwa najibu swali gani. Nikamwambia. Akachezea kofia ya kalamu. Akasema uamuzi si wake peke yake, hauwezi kufunguliwa kabla ya Desemba. Nikamwambia kuhusu kidole. Akasema basi niandike majibu sasa hivi, kila akija atayasoma na kuyawekea sahihi, maana ameona kwa macho yake kwamba mwandishi ni mimi. Ndicho anachoweza.

Tatizo ni kwamba hajui wenzake watauliza nini, na mimi sijui. Kwa hiyo wewe utaniuliza. Jifanye wewe ndiye wao. Jifanye wifi. Niulize maswali magumu, moja moja, usinionee huruma hata kidogo.

Mwalimu

&nbsp;

10 Julai

Dada,

Nimeandika orodha nikaichana, kila swali lilikuwa limekaa kidugu. Nimeanza upya. Hili ndilo ambalo ningeliuliza mimi kama nisingekujua.

Swali la kwanza. Mama, mtoto kwa baba yake anakula, anasoma, ana chumba, hajapigwa wala kutukanwa. Wewe hali yako inazidi, na wewe mwenyewe unajua. Kwa nini akae na wewe?

Nisamehe.

Bisibisi

&nbsp;

4 Agosti

Bisibisi,

Swali lako limenichukua siku ishirini na tano. Usihangaike kukagua mashine. Ni nyepesi, na kidole bado kinatosha.

Jibu la kwanza niliandika: kwa sababu mimi ni mama yake. Nikafuta. Yule naye ni baba yake.

La pili niliandika: kwa sababu ninamfundisha hesabu kila jioni. Jumamosi akaja na ukurasa mzima wa hesabu za sehemu, zote sahihi, kwa njia ambayo si yangu. Nikamwuliza nani kakuonyesha. Akasema mama wa huku, alisomea uhasibu. Nikaipitia ile njia. Ni fupi kuliko yangu. Nikafuta.

La tatu niliandika: kwa sababu nyumba imekuwa kimya, na Mama mdogo naye anazeeka, na asubuhi ninapoamka siku inakuwa ndefu. Hilo nililisoma mara moja tu, nikalifuta upesi kabla Mama mdogo hajaingia na chai.

Jumamosi iliyopita gari lilipiga honi akiwa katikati ya hadithi. Akainuka akakimbia. Alifika getini, ndipo akakumbuka kwamba hajaniaga. Akarudi akanibusu, akacheka, akakimbia tena. Mtoto mwenye furaha hukimbia hivyo. Nilifurahi kweli. Baadaye nilimwomba Mama mdogo anigeuze nitazame ukutani.

Kwa hiyo jibu ninalo, Bisibisi. Namtaka kwa ajili yangu mimi. Ningekuwa nimekaa kwenye meza ile, mama akaniambia hivyo, nisingempa mtoto.

Siwezi kuandika uongo, na huo ukweli siwezi kumpa afisa auwekee sahihi. Swali la kwanza liache wazi.

Lete la pili.

Dada yako